Sidi Mubarak Bombay

Sidi Mubarak Bombay (takriban 1820 – 12 Oktoba 1885) alikuwa kiongozi wa misafara ya karne ya 19 katika nchi ambazo leo ni Tanzania, Uganda na Kongo. Alizaliwa Myao, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akaishi Bara Hindi kwa miaka mingi, kisha akarudi Afrika ya Mashariki akiwa mtu huru. Kati ya miaka 1857 na 1875 alitembea na wapelelezi Richard Burton, John Hanning Speke, James Grant, Henry Morton Stanley na Verney Lovett Cameron. Alifika Ziwa Tanganyika na Ziwa Viktoria, akafuata mto Nile hadi Misri, na mwishoni akavuka bara zima hadi pwani ya Atlantiki.

Vitabu vingi humtaja kama mkalimani au mtumishi mwaminifu. Kwa kweli kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha mizigo inafika. Mzigo ukipotea, ukiibwa au ukiachwa porini, aliyeulizwa kwanza alikuwa yeye. Makala hii inaangalia zaidi upande huo wa maisha yake, maana ndio uliomletea cheo, na ndio uliomletea pia vipigo na lawama.

Utoto na utumwa

Bombay alizaliwa katika nchi ya Wayao, karibu na mpaka wa leo kati ya Tanzania na Msumbiji. Miaka mingi baadaye alimsimulia Speke jinsi alivyotekwa. Alikuwa na umri wa miaka 12 hivi wakati kundi la wafanyabiashara kutoka pwani, pamoja na watumwa wao wenye bunduki na panga, lilipokizingira kijiji chao. Wakati wa njaa wenyeji walikuwa wamechukua nguo na shanga kwa mkopo kutoka kwa watu hao. Sasa wafanyabiashara walitaka walipwe palepale. Karibu kila nyumba ilikuwa na deni, na hakuna aliyekuwa na cha kulipa. Wanakijiji waliona kwamba hawawezi kushindana na bunduki, wakajaribu kukimbia wote kwa pamoja. Wengi walikamatwa na wakawa ndio malipo ya deni lenyewe. Bombay hakupata tena habari za baba yake wala za ndugu zake.

Alipelekwa Kilwa, na kutoka huko kwa jahazi hadi Unguja. Mnunuzi wake alimchukua Bara Hindi, upande wa Gujarat. Alikaa huko miaka mingi, akajifunza Kihindustani na kuingia katika maisha ya Waafrika wa Bara Hindi, ambao huko huitwa Sidi. Ndiyo asili ya sehemu ya kwanza ya jina lake, na sehemu ya mwisho imetokana na mji wa Bombay, ambao leo huitwa Mumbai. Bwana wake alipofariki, Mubarak alipata uhuru, akarudi Zanzibar na kujiandikisha kuwa askari wa Sultani. Alipangwa katika kituo cha Chogwe karibu na mto Pangani, pamoja na askari Wabaluchi.

Msomaji akumbuke jambo hili tunapoendelea: mtoto aliyechukuliwa kwa ajili ya deni la nguo alikuja kuwa mlinzi wa mitumba ya nguo.

Kukutana na Burton na Speke

Mwezi Februari 1857 Waingereza wawili, Burton na Speke, walipita Chogwe wakati wa matembezi yao ya kwanza katika eneo la Pangani. Speke alikuwa ofisa wa jeshi la Bara Hindi. Hakujua Kiswahili wala Kiarabu, lakini alizungumza Kihindustani kwa kiasi. Bombay ndiye aliyeweza kusemezana naye, akaajiriwa kubeba bunduki yake. Rafiki yake Mabruki aliajiriwa kwa Burton. Burton alikuwa na maneno makali juu ya karibu kila mtu wa msafara wake, lakini Bombay alimsifu kwa bidii na uaminifu.

Msafara uliondoka pwani mwezi Juni 1857. Kiongozi wake rasmi alikuwa Said bin Salim, Mwarabu wa Zanzibar aliyeteuliwa na Sultani. Walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwomani aliyewasaidia sana kupata nyumba, habari na wapagazi wapya. Wapagazi wapya walihitajika kweli, kwa sababu wengi wa zamani walikuwa wametoroka njiani au wamemaliza mkataba wao walipofika kwao Unyamwezi.

Mzigo ulikuwa nini

Ili kuelewa kazi ya Bombay, inafaa kujua shehena ya msafara ilikuwa ni vitu gani. Bara hapakuwa na sarafu iliyokubalika kila mahali. Fedha ya safari ilikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Nguo zilipimwa kwa shuka na doti. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa merikani, nguo nyeupe ya pamba iliyoletwa na merikebu kutoka Marekani, na baada yake kaniki ya rangi ya buluu iliyoiva. Shanga zilikuwa za aina nyingi, na kila nchi ilikuwa na yake. Nyekundu iliyoitwa samesame iliweza kununua chakula mahali pamoja, na siku chache mbele watu wakaikataa kabisa. Kwa hiyo msafara ulikuwa kama benki na duka vinavyotembea kwa miguu, na ulibeba humo humo chakula cha kesho cha kila mtu.

Wanyama wa mizigo walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o, hivyo vyote vilibebwa na watu. Nguo zilikunjwa na kukazwa kwa kamba hadi zikawa mtumba mgumu kama gogo, wenye ratili 60 hadi 70, karibu kilo 30. (Leo neno mitumba linatumika kwa nguo kuukuu za sokoni, zamani lilikuwa jina la mzigo wenyewe wa mpagazi.) Wanyamwezi waliubeba begani, watu wa pwani kichwani. Juu ya mzigo wa tajiri mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na mali yake ndogo aliyotaka kuiuza. Mbele alitembea kirangozi mwenye bendera, na nyuma wanyapara waliohakikisha hakuna anayebaki.

Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ni kilomita zaidi ya 800. Msafara wenye watu mia na zaidi ulijinyoosha njiani mwendo mrefu, na katika mapori ya Mgunda Mkali haikuwezekana kumwangalia kila mtu. Mpagazi aliyetaka kutoroka alisubiri usiku, au alijifanya kuchoka, akakaa chini na kupotelea kichakani.

Si kila upotevu ulikuwa wa aina moja, na wapelelezi waliandika kama vile ni wizi mtupu. Kulikuwa na udokozi: mtumba unafunguliwa usiku, doti mbili zinatolewa, kamba inafungwa tena. Kulikuwa na kutoroka na mzigo mzima. Kulikuwa pia na kutoroka na kuuacha mzigo chini ya mti, ambako tajiri alipoteza mbebaji lakini si mali, ingawa mara nyingi kwake matokeo yalikuwa yale yale, maana mtumba usio na mtu hauendi popote. Tena kulikuwa na hongo, yaani ushuru uliotozwa na watawala wa Ugogo, Unyamwezi na Usui kwa kupita katika nchi yao na kunywa maji yao. Wasafiri wa Ulaya waliiita wizi, lakini Waarabu na Wanyamwezi waliokuwa na misafara yao wenyewe waliilipa kama tunavyolipa ushuru mpakani, wakibishana tu juu ya kiasi.

Mpagazi alikuwa na hesabu yake. Sehemu ya ujira alipokea kabla ya kuondoka, na iliyobaki ilingojea mwisho wa safari ambao huenda asiuone. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, na wakati wa njaa bei ilipanda wakati kipimo cha nguo alichopewa kununulia chakula kilibaki pale pale. Aliyepatwa na ndui au kuumia mguu aliachwa kijijini. Mnyamwezi alitazama pia mawingu, kwa kuwa mvua zikianza alitakiwa shambani kwake. Jambo hili si la Afrika pekee. Katika bandari ya London ya karne ya 18 wapakuzi waliolipwa ujira mdogo walichukua sukari na tumbaku za merikebu, na wengi wao waliona ni haki yao ya desturi. Matajiri wa biashara waliona vingine, na mwaka 1798 waligharamia polisi maalumu wa mto Thames kukomesha jambo hilo. Kwenye njia ya Tabora polisi huyo hakuwapo. Alikuwapo mtu kama Bombay.

Kutoka Kazeh hadi maziwa

Burton na Speke waliendelea magharibi na kufika Ujiji mwezi Februari 1858. Bombay alimfuata Speke alipovuka Ziwa Tanganyika kutafuta jahazi la kukodi. Waliporudi Kazeh, Burton alibaki kwa sababu ya ugonjwa, na Speke aliondoka mwezi Julai kwenda kaskazini akiwa na msafara mdogo. Njia yao ilipita upande wa Nzega ya leo, ilipo pia Lusu, kisha nchi ya Wasukuma, hadi ukingo wa Nyanza karibu na Mwanza, walikofika mwanzoni mwa Agosti. Safari nzima ya kwenda na kurudi haikufika miezi miwili. Ilikuwa safari nyepesi kuliko zote alizofanya Bombay, na sababu ni kwamba watu walikuwa wachache na mizigo michache.

Mwisho wa safari hiyo ulikuwa wa ugomvi wa malipo. Mwaka 1859 Burton alikataa kuwapa Said bin Salim na sehemu ya askari na wabebaji zawadi walizotegemea, akidai walitoroka na kufuja mali. Konsuli Mwingereza wa Zanzibar, Christopher Rigby, aliona wameonewa, akaandika mashtaka kwa serikali, na Burton akakaripiwa. Basi huko pwani ilikuwa wazi tayari kwamba neno la mwizi linaweza kutupwa na pande zote mbili: tajiri anamtuhumu mbebaji kwa doti zilizopotea, na mbebaji anamtuhumu tajiri kwa ujira uliozuiwa.

Safari ya 1860–1863

Speke alirudi na mwenzake James Grant, akamtafuta Bombay kwanza. Safari hii Bombay alisimamia watu na kutunza nguo, ingawa Said bin Salim alikuwa bado kiongozi wa msafara kwa jina. Sultani Majid alitoa watumwa wa mashamba yake kuongeza idadi. Watu hawa hawakuwa wapagazi kwa kazi, wala hawakuulizwa kama wanataka kwenda.

Mwaka huo ulikuwa mbaya. Njaa ilitanda kuanzia Ugogo hadi Unyamwezi, na karibu na Tabora palikuwa na vita kati ya Waarabu na Manua Sera, mtawala wa Unyanyembe waliyemwondoa madarakani. Speke alipofika Kazeh mwezi Januari 1861 alifanya hesabu ya hasara yake. Wapagazi 98 wa Kinyamwezi walikuwa wametoroka, pamoja na 25 kati ya watu wa mashamba ya Sultani. Nyumbu wote 12 na punda watatu walikuwa wamekufa. Zaidi ya nusu ya mali ilikuwa imeibwa.

Hesabu hiyo inatajwa mara kwa mara kuonyesha ubaya wa wapagazi. Inafaa kuisoma pamoja na habari ya njaa, ambayo Speke mwenyewe aliiandika papo hapo. Mtu aliyebeba nguo yenye thamani ya chakula cha miezi, huku tumbo lake tupu na kwao kumekaribia, alikuwa na majaribu ambayo hakuna mnyapara angeweza kuyamaliza kwa maneno.

Said bin Salim aliachwa Kazeh akiwa mgonjwa, na mzigo wote wa uongozi ukaangukia Bombay. Kwa miezi mingi ya mwaka 1861 msafara ulikwama kaskazini mwa Tabora kwa kukosa wabebaji. Vijiji viliogopa vita, na vijana hawakutaka kuacha nyumba zao. Bombay alitumwa kurudi Kazeh kutafuta watu na viongozi wa njia. Mwezi Septemba, Grant alipokuwa akipita na sehemu ya mizigo katika nchi ya mtawala Myonga, watu wa mtawala huyo waliwashambulia wabebaji, wakawatawanya na kuchukua mali. Myonga baadaye alirudisha sehemu ya mizigo tu, na bado akadai hongo. Hapo pia wapagazi walilaumiwa kwa kukimbia, ingawa wengi wao hawakuwa na silaha ya kuzuia mikuki.

Ndani ya msafara wenyewe Bombay alikuwa na mpinzani, Baraka, mtu hodari aliyewahi kufanya kazi na Waingereza. Walishtakiana mbele ya Speke juu ya matumizi ya nguo na heshima ya cheo. Bombay hakuwa malaika. Alipenda pombe, na akilewa aliweza kuharibu kazi ya wiki nzima. Lakini Speke alimhitaji, na Baraka alirudishwa pwani. Katika safari hiyo hiyo Speke alimpiga Bombay ngumi usoni mbele ya watu wote kwa sababu alikataa kutii amri, na miaka kumi baadaye Stanley alieleza kwamba meno ya mbele ya Bombay yalikuwa yamevunjika kwa ngumi za Speke.

Msafara ulifika kwa Kabaka Mutesa mwanzoni mwa 1862, na tarehe 28 Julai Speke aliona mahali Nile inapotoka Nyanza. Waliteremka kupitia Bunyoro hadi Gondokoro, walikofika Februari 1863, kisha Misri. Kati ya kundi kubwa lililoondoka pwani, watu waliobaki na Speke hadi Kairo hawakuzidi ishirini. Walipigwa picha huko, wakatunzwa, na kurudishwa Zanzibar kwa meli. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Bombay nishani ya fedha.

Na Stanley, 1871–1872

Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Zanzibar akienda kumtafuta David Livingstone. Alimwajiri Bombay kuwa kapteni wa askari wake, na pamoja naye wenzake kadhaa wa safari ya Speke. Shehena ilikuwa na uzito wa tani sita hivi, ikagawanywa katika misafara mitano iliyoondoka Bagamoyo kwa zamu.

Stanley alikuwa na haraka na alitumia mjeledi na minyororo kuliko wote waliomtangulia. Karibu na mto Makata, wakati wa mvua kubwa, Bombay aliacha mzigo wake kando ya njia ili kusaidia mkokoteni uliokwama kwenye matope. Aliporudi mzigo haukuwapo. Ndani yake mlikuwa na hema, shoka na baruti. Stanley alikasirika, akamkemea mbele ya wenzake na kumvua ukapteni kwa muda. Tukio ni dogo, lakini linaonyesha vizuri hali ya mtu huyu: aliadhibiwa kwa wizi uliofanywa na mtu mwingine wakati yeye mwenyewe akiokoa mali nyingine ya tajiri yule yule.

Walifika Tabora mwezi Juni 1871, wakakaa Kwihara. Liwali wa hapo alikuwa Said bin Salim, yule yule kiongozi wa msafara wa Burton. Mtu aliyenyimwa zawadi yake kwa madai ya kufuja mali sasa ndiye aliyewapokea Wazungu na kuwapa nyumba.

Mwezi Agosti Waarabu walipigana na Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyekuwa ameifunga njia ya Ujiji. Stanley alijiunga nao na Bombay akaenda vitani. Waarabu waliteka vijiji, wakachukua pembe za ndovu na watumwa, na walipokuwa wakirudi wamelemewa na nyara Mirambo aliwavizia na kuwaua wengi. Siku chache baadaye alivamia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu yake. Mwezi Septemba Stanley alizunguka upande wa kusini kukwepa vita. Katika eneo la mto Gombe watu walitaka kupumzika siku moja zaidi, ukatokea uasi mdogo. Bombay alihesabiwa kuwa mmoja wa wachochezi, akapigwa kwa mpini wa mkuki na kufungwa mnyororo. Baada ya muda mfupi alifunguliwa na kurudi kazini.

Ujiji walifika mwanzoni mwa Novemba. Livingstone alikuwa amewatangulia kwa siku chache na amekuta maafa. Bidhaa alizotumiwa kutoka pwani zilikuwa zimeuzwa na kiongozi wa msafara aliyekabidhiwa, Sherif, aliyedai kuwa Livingstone amekufa. Kati ya yadi 3,000 za nguo na ratili 700 za shanga hakubakiwa na kitu. Kwa wizi wa mali ya msafara katika njia ya Tabora huu ni mfano mkubwa kuliko udokozi wowote wa wapagazi, na uliofanywa na mtu aliyepewa mamlaka na barua za konsuli. Bombay naye alikuwa na mamlaka kama hayo katika safari tatu, na mitumba mingi zaidi ilipita mikononi mwake.

Mwezi Mei 1872 walirudi Bagamoyo. Pamoja na yote aliyoandika dhidi yake, Stanley alimpa zawadi ya fedha juu ya mshahara.

Kuvuka bara na Cameron

Safari ya mwisho ilianza 1873. Luteni Cameron wa jeshi la maji la Uingereza alitumwa kumsaidia Livingstone, akamchukua Bombay kwa sifa zake. Bombay alikusanya watu Zanzibar kwa haraka, na wengi hawakuwa wapagazi wa kweli; walichukua malipo ya kwanza na kujificha kabla msafara haujaondoka Bagamoyo. Cameron alimlaumu kwa hilo na kwa pombe.

Walipokuwa Kwihara, wote wakiugua homa, mwezi Oktoba 1873 walifika watu wa Livingstone, Chuma na Susi wakiwa mbele, wakibeba maiti ya bwana wao. Wapagazi wale walikuwa wametembea kutoka kusini mwa Ziwa Bangweulu bila Mzungu wa kuwasimamia. Walikuwa na mwili, vitabu na vyombo vya Livingstone, na waliuwasilisha mwili pwani.

Wenzake wa Cameron walikufa au kurudi, yeye akaendelea. Kutoka Ujiji walivuka ziwa hadi Nyangwe, walikokutana na Tippu Tip, wakashuka kusini-magharibi na kufika pwani ya Atlantiki karibu na Benguela mwezi Novemba 1875. Siku za mwisho nguo zilikwisha na watu walitembea na njaa. Kutoka Luanda watu wa Zanzibar walirudishwa kwao kwa merikebu ya matanga, wakizunguka kusini mwa Afrika. Bombay alikuwa na umri wa miaka 55 hivi.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1876 Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa Bombay pensheni. Ni wapagazi wachache sana wa wakati wake waliolipwa chochote baada ya mzigo kutuliwa chini. Aliishi Zanzibar hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1885, mwaka ambao Wajerumani walianza kujichukulia bara. Uchukuzi wa mabegani uliendelea kwa miaka mingine, hadi reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912.

Kumbukumbu

Karibu yote yanayojulikana juu ya Bombay yameandikwa na watu waliomlipa mshahara, nao waliandika wakiwa na daftari la mali iliyopotea mkononi. Tippu Tip, aliyepita njia hizo hizo, aliacha maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, na ndiyo maana anasomwa kwa namna nyingine. Kwa Bombay inabidi msomaji alinganishe mwandishi mmoja na mwingine: Burton anamsifu, Speke anampiga na kumwajiri tena, Stanley anamfunga na kumtunza, Cameron anamlalamikia kutoka bahari hadi bahari lakini hamwachi.

Mwaka 2009 chama kile kile cha London kiliandaa maonyesho juu ya watu waliosahauliwa katika historia ya upelelezi, na Bombay alikuwa mmoja wao. Huko Kwihara, karibu na Tabora, tembe alimokaa Stanley na Livingstone imekarabatiwa na ni makumbusho ya Livingstone. Bombay alipita Kwihara na misafara miwili, ya Stanley na ya Cameron.